Uovu una mpaka

Wapiganaji wa kundi la waasi la UPC walipoingia Kilo, huko Ituri, mashariki mwa Congo, mwishoni mwa 2002, nani angeamini kwamba mmoja wa wakubwa wao angeulizwa siku moja juu ya matendo yake? Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilimfunga kamanda huyo, Bosco Ntaganda, miaka 30, na mauaji ya Kilo yalikuwamo katika makosa yake. Kwa mama aliyefiwa, miaka 17 ya kungoja ni mingi mno, tena bunduki za Djugu, eneo lenye Kilo, hazijanyamaza. Lakini hata Shetani, katika kitabu cha Ayubu, hagusi mtu bila kuwekewa mpaka na Mungu. Ndugu, leo waombee waliokimbia makwao, na ukiitwa kutoa ushahidi, usiogope kusema uliyoyaona.