Habari ya Chakula ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Enyi ndugu zangu, mtawala ni mchunga. Anachokijua juu ya chakula cha raia wake ni amana, si mali yake.

Zingatieni yaliyotokea mjini Guangzhou, China, mwezi wa Mei 2013. Idara ya chakula na dawa ya mji huo ilitangaza kuwa katika sampuli 18 za mchele na vyakula vya mchele, 8 zilikutwa na kadimiamu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Nayo ni sumu ijikusanyayo mwilini, ikadhuru mafigo na mifupa. Lakini majina ya wahusika yalizuiliwa. Watu wakajua sumu imo sokoni, wasijue imo katika gunia lipi. Walipolalamika ndipo majina yakatolewa.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina, akakuta unyevu ndani. Udhuru wa mvua haukumtosha. Alimlaumu muuzaji kwa kutoiweka juu iliyorowa, watu waione. Ikiwa mwenye rundo moja aliulizwa, ataulizwaje aliyepima marundo ya mji mzima kisha akayafunika?

Kusitiri aibu ya mja baina yake na Mola wake ni wema. Kusitiri sumu iliyomo katika sinia la watoto wa watu ni khiyana.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Amin.