Mrututu Ndani ya Bomba

Kisa hiki nimekitunga, lakini fizikia yake ni ya kweli na huwapata wengi.

Kiwanda kimoja cha shaba karibu na Kolwezi, Lualaba, kilifunga mashine ya leza juu ya mfereji wa elektroliti, maji ya buluu yenye mrututu (salfeti ya shaba) na asidi ya salfuriki. Leza hupiga pigo fupi, chembe za uso wa maji zikageuka plazima yenye joto la maelfu ya digrii, na mwanga wake ukachambuliwa. Shaba hujitambulisha kwa mstari wa nanomita 324.7. Kadiri mstari unavyokolea, ndivyo shaba ilivyo nyingi.

Kijana aliyeisimamia aliijaribu kwa mrututu ndani ya maji safi, mwisho gramu 1 ya shaba kwa lita. Grafu ilinyooka vizuri. Elektroliti ina gramu 40 na zaidi. Yeye akaurefusha mstari wa grafu kwa rula mpaka huko.

"Mwanangu, punguza makali ya maji hayo kwanza, ndipo upime," mzee wa maabara alimwambia.

"Papa, mashine hii haihitaji."

Ilihitaji. Shaba inapozidi, atomi zilizopoa pembezoni mwa plazima huumeza mwanga uleule unaotoka katikati yake. Grafu hupinda, na ongezeko kubwa huonekana dogo. Tena kila pigo hurusha matone ya asidi yanayotua kwenye lenzi na kufifiza mwanga; hilo nalo mashine hulihesabu kuwa upungufu wa shaba.

Basi kila asubuhi namba ilishuka, na kila zamu ikazidi kuingiza shaba. Usiku mmoja wa Juni, wakati wa baridi huko, elektroliti ilishindwa kuubeba mrututu wote. Fuwele za buluu zikaziba bomba, pampu ikasimama.

Mzee alichukua sampuli, akaipunguza makali mara 100, akailinganisha na miyeyusho ya vipimo yenye asidi na chuma kwa kadiri ileile ya sampuli. Shaba ilikuwa imepanda wiki nzima. Palipo na mfereji usioweza kupunguzwa makali, upo mstari mwingine wa shaba, wa nanomita 521.8, ambao atomi zilizopoa huumeza kidogo sana.

Wewe mwenye mashine kama hii, andika ubavuni mwake kiwango cha juu kabisa ulichokihakiki mwenyewe. Namba inayozidi hapo usimpelekee mkuu wa zamu.