Hofu ya Kuazima na Hofu ya Kukumbuka: Msomaji wa Kitale na Bungoma mbele ya Ukurasa wa Kutisha

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuuliza maswali mengi kuhusu mwandishi, jamii na ujumi, lakini ni nadra kumwuliza msomaji kwa nini alikifunga kitabu kabla ya kukimaliza. Tendo hilo huhesabiwa kuwa uvivu au udhaifu wa moyo. Makala haya yanashikilia kwamba, mbele ya ukurasa wa kutisha, kukifunga kitabu kwaweza kuwa hukumu ya kimaadili, na kwamba mhakiki asiyeitia maanani hukumu hiyo amepungukiwa na sehemu ya maana ya matini yenyewe.

Swali lenyewe ni kongwe. Katika kitabu cha nne cha Jamhuri, Plato anasimulia habari za Leontius, ambaye alipokuwa akitoka Piraeus aliona maiti za watu waliouawa kwa hukumu. Alitamani kuzitazama, na papo hapo akajichukia kwa tamaa hiyo. Alijifunika uso, akashindana na nafsi yake, na mwisho akaziendea mbio macho yakiwa wazi huku akiyalaani. Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu tanzia, aliona kwamba ufasaha wa msanii ndio unaoigeuza karaha ikawa raha. Noël Carroll, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya hadithi za kutisha, aliihamishia raha hiyo kwenye udadisi: msomaji huvumilia kinyaa kwa kuwa anataka kulijua zimwi ambalo akili yake inakataa kuwa lipo. Hume na Carroll wanamfikiria msomaji ambaye hofu yake ni ya kuazima. Huichukua kitabuni, akaionja, akairudisha.

Nadharia ya Carroll yaifaa kiasi riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001). Babu aliyefufuka anamwandama mjukuu wake, K, naye msomaji husisimkwa na mwili. Lakini kitabu kikisha kufungwa, mzuka hubaki ndani ya jalada. Nadharia hiyo haiifai hata kidogo Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014). Humo hamna zimwi. Mna Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, na moto uliowateketeza watu wa Ridhaa. Mna Kaizari anayesimulia jinsi vijana walivyomjeruhi mkewe, Subira, na kuwanajisi binti zake, Lime na Mwanaheri, naye yupo, hana uwezo wa kuwaokoa. Nchi ni ya kubuni, Wahafidhina, lakini Mkenya haitaji ramani ili kuitambua. Kitabu kikifungwa, jirani yungali pale pale, ng'ambo ya ua.

Hapa ndipo mahali pa msomaji panapokuwa suala la uhakiki. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, Kitale ni mji wa matumaini: ndiko Kongowea Mswahili anakokwenda kumtafuta babake katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), mwandishi aliyezaliwa Bungoma. (Walibora mwenyewe aliugeukia ukatili wa kikabila katika Kufa Kuzikana, 2003.) Lakini eneo hilohilo lina kumbukumbu nyingine. Kuanzia 2006 hadi 2008, katika wilaya ya Mlima Elgon, ambayo leo ni sehemu ya kaunti ya Bungoma, mzozo wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi la SLDF, lililoua watu na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 jeshi la serikali lilianzisha Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko yake ya mateso. Wakati huohuo, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Trans Nzoia, na waliofurushwa wakaishi katika mahema, Endebess ikiwa mojawapo ya mahali hapo.

Chozi la Heri kiliingia shuleni kama kitabu teule cha fasihi mwishoni mwa miaka ya 2010. Basi na afikiriwe msichana wa Kidato cha Nne katika shule yoyote ya Kitale, aliyekuwa na umri wa miaka mitano au sita mahema yalipowekwa. Na afikiriwe mwenzake wa mjini Bungoma, ambaye kwao hakukuungua kitu. Wote wawili wanapewa dondoo lilelile na kuamriwa waeleze muktadha wake, kisha wataje mbinu za lugha. Wa pili ataandika taharuki, ataandika taswira, naye atakuwa amesema kweli. Wa kwanza huenda asiandike lolote. Kwa kipimo cha mtahini, wa kwanza ameshindwa kusoma. Ukweli ni kwamba amesoma kupita kiasi.

Wapo watakaosema kwamba kitabu cha aina hiyo kiondolewe. Rai hiyo ni ya huruma isiyo na macho, kwani huko nyumbani aghalabu jambo hilo halizungumzwi, na pengine ni Kaizari tu aliyepata kumweleza msichana huyo, kwa Kiswahili sanifu, kwamba lililotendeka lina jina. Wapo pia wanaoamini kwamba msomaji mkomavu hageuzi uso. Hao hawajamsikiliza Kaizari. Unyama aliotendewa haukuishia katika kitendo chenyewe: ulikuwa pia katika kulazimika kuwapo na kuona. Uhuru wa kugeuza uso ndio ambao wale vijana walimnyang'anya, nao ndio uhuru ambao kitabu, tofauti na vurugu, humpa kila anayekifungua. Mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi asome kwa sauti ukurasa huo mbele ya darasa, kwa nia njema kabisa, ameunyang'anya tena.

Hata hivyo, anayegeuza uso anamwacha Kaizari peke yake na usimulizi wake. Jambo hili halina dawa nyepesi, na Leontius hasaidii, kwa sababu yeye alivutwa na maiti za watu asiowajua. Msomaji wa Endebess anavutwa na uwezekano wa kumwona anayemjua. Akikifunga kitabu leo na kukirudia baada ya mwaka, au akiuruka ukurasa huo na kumfuata Kaizari mbele zaidi, usomaji huo wa kurukaruka haujapatiwa istilahi katika uhakiki wetu, wala alama katika karatasi ya mtihani.