Macho Hayana Pazia

Lugha yetu imelijenga neno "uroho" juu ya neno "roho", na wala haikukosea. Mwenye njaa hula akashiba akanyamaza. Mroho ni yule ambaye tumbo lake limekwisha kusema basi, ilhali roho yake ingali sinani. Kwa chakula hukumu ni nyepesi, na watoto wetu hufundishwa mapema: kula kilicho mbele yako, usirukie cha mwenzio. Suali ninalotaka kulizungumza hapa ni gumu zaidi, nalo ni la uroho wa macho. Mtu akisafiri kwa siku chache kwenda mji wenye maonesho mengi ya tamthilia, akatazama matatu au manne kwa siku, siku baada ya siku, je, ametazama? Na kama hakutazama, amemdhulumu nani?

Mji ninaoukusudia ni Edinburgh, Uskoti, na mwezi ni Agosti. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika, mji huo ulianzisha tamasha kubwa la sanaa kwa wasanii walioalikwa. Vikundi vinane ambavyo havikualikwa vilikwenda vivyo hivyo, vikatafuta kumbi zao pembeni, vikacheza. Tamasha hilo la pembeni ndilo lililokua hata likalipita lile la waalikwa kwa wingi. Katika miaka hii ya karibuni huorodheshwa maonesho zaidi ya 3,000 kwa muda wa wiki tatu na ushei. Hakuna kamati ya kuamua nani anafaa na nani hafai. Mwenye mchezo na pesa za kukodi ukumbi huingia, na ukumbi wenyewe huweza kuwa kanisa, darasa la chuo kikuu, ghorofa ya juu ya baa, au chumba cha chini ya ardhi ambacho miezi mingine ni stoo. Mchezo aghalabu huchukua saa moja. Ukimalizika, wachezaji wana dakika chache tu za kukusanya vyombo vyao, kwani kikundi kingine kinasubiri ngazini na majoho yake mikononi. Chumba kimoja, tangu asubuhi hadi usiku wa manane, huweza kushuhudia mfalme akiuawa, bibi harusi akikimbia, mchekeshaji akimsema waziri, na maiti ikifufuka.

Mimi nilifika huko kwa siku nne, baada ya shughuli ya tafsiri iliyonipeleka Uingereza, na nilitazama michezo 13. Wenyeji niliozungumza nao waliniambia kwa upole kuwa hivyo sivyo. Mmoja kwa siku unatosha, walisema. Ukitoka, tembea, kunywa chai, uache mchezo utulie ndani yako. Ni ushauri mzuri, na mtu aliyenipa alinipa kwa moyo safi. Lakini ni ushauri wa jirani. Anayekaa mwendo wa nusu saa kutoka ukumbini ana haki ya kuchagua, kwa sababu akikosa leo atakuwapo kesho, na asipokuwapo kesho atakuwapo mwakani. Anayeomba viza kwa barua ya benki, barua ya mwajiri na barua ya mwenyeji wake, akalipa nauli ambayo kisiwani ingejenga chumba na baraza yake, hana mwakani. Wahenga wetu walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na methali hiyo naiheshimu. Naona tu kwamba aliyeitunga alikuwa mtu ambaye kesho yake ipo.

Na tusisahau ni njaa ya namna gani tunayosafiri nayo. Sisi wa huku aghalabu tumeijua tamthilia kwa kuisoma. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imepita mikononi mwa wanafunzi vizazi kwa vizazi, wakiipigia mistari kwa penseli kwa sababu ya mtihani. Waliowahi kuiona ikichezwa ni wachache mno mbele ya hao. Mwalimu Nyerere alimpa Shakespeare Kiswahili mara mbili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na wapo wazee wanaoweza kukusomea vipande vya vitabu hivyo kwa ghibu ambao hawajamuona hata siku moja mtu mwenye mwili na jasho akimchoma kisu Kaizari. Nami nilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Niliyajua maelekezo ya jukwaani, "anaingia", "anatoka", kama vitenzi viwili vilivyoandikwa kwa herufi za mlazo. Mtu wa namna hiyo akiachiliwa mlangoni mwa maonesho 3,000, kumwambia achague moja ni kama kumwambia aliyetoka jangwani anywe kwa kikombe cha kahawa.

Isitoshe, wingi wenyewe si jambo geni wala si uzushi wa watalii. Katika karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, watu wa Athens walikusanyika kila mwaka majira ya baridi yakiisha, kwenye mteremko wa kilima cha Acropolis, kumsherehekea mungu wao Dionysus. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja na siku yake, na katika siku hiyo alionesha tanzia tatu mfululizo, kisha mchezo mmoja wa masihara wa viumbe nusu mtu nusu mnyama. Hiyo ni tanzia tisa kwa siku tatu, mbali na michezo ya kuchekesha iliyokuwa na shindano lake. Sophocles na Euripides waliandika kwa ajili ya watazamaji wa aina hiyo, watu waliokaa tangu alfajiri, wakala walichobeba, wakalia na kucheka katika mchana mmoja. Hakuna aliyewaambia kuwa ni waroho.

Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Walakini ipo tofauti baina ya Muathene na mimi, nami niliifikiria sana katika ngazi za mji ule, ambazo ni nyingi na zinateleza kwa mvua. Katika tamasha lile la Athens, kabla ya tanzia, kila kabila katika makabila kumi ya mji lilitoa kundi la wanaume hamsini na kundi la wavulana hamsini kuimba kwa kushindana. Jumla ni raia 1,000 waliosimama uwanjani, na wengine waliimba katika viitikio vya tanzia zenyewe. Aliyekaa kutazama alimuona pale shemeji yake, au mtoto wa fundi wake wa viatu. Mchezo ukiisha alirudi nyumbani na watu wale wale waliolia naye, na kesho yake walikutana sokoni. Mazungumzo yaliendelea pale mchezo ulipokoma. Mimi nilikuwa nikitoka mlango mmoja, naingia mwengine, na hakuna hata mmoja katika mstari wa kuingia aliyejua nilikotoka.

Hapa ndipo adabu zetu za pwani zinaponisaidia kuliona suali. Mtu wa kwetu akitoka mazikoni haendi moja kwa moja harusini. Hata kama harusi ni ya jamaa na mwaliko hauna budi, atapita kwanza nyumbani, ataoga, atabadilisha nguo, ataketi kidogo. Matanga tumeyapa siku zake tatu; mjane tumempa eda yake, ambayo ina hesabu yake katika sheria na hekima yake. Simaanishi kuwa mchezo wa kuigiza una eda ya sheria. Nauliza kama hauna chochote cha namna hiyo. Aliyelilia kifo jukwaani, japo anajua kuwa maiti itainuka kuinama mbele ya makofi, je, hawiwi hata robo saa kabla ya kwenda kucheka?

Nitatoa mfano mmoja. Siku ya pili, katika chumba cha chini ya ardhi, tulikuwa watazamaji wanane. Mchezaji alikuwa mwanamke peke yake, na mbele yake lipo sanduku la nguo za marehemu mama yake. Mchezo mzima ulikuwa ni kuzitoa nguo zile moja moja, kuzikunja, na kuamua kila moja impe nani. Hakupaza sauti hata mara moja. Zilipobaki nguo mbili tatu, bwana mmoja aliyekuwa kiti cha mbele akatazama saa, akalikunja kabrasha la ratiba, akainuka akatoka. Mchezo wake wa pili ulianza saa tisa na dakika kumi, nami nilijua hivyo kwa sababu ndio huo huo niliokuwa nimeukatia tiketi. Yule mwanamke alisita na koti mkononi. Alingoja mlango ufungwe, kwani ulikuwa na mlio, kisha akaendelea.

Bwana yule alilipa tiketi yake, na hakuvunja sheria yoyote. Inawezekana kabisa kuwa hakumkusudia mtu ubaya. Lakini ndipo nilipofahamu kuwa deni la mtazamaji halilipwi lote dirishani. Mimi kazi yangu ni vitabu. Hukaa na sentensi moja siku nzima, na nikichoka nayo nikaifunga, mwandishi wake, ambaye mara nyingi ni marehemu, hapati habari. Kitabu hakioni haya. Mchezaji anaona. Amesimama hatua tatu kutoka kwako, uso wako unamulikwa na taa zile zile zinazommulika yeye, na anajua kama upo au umeshaondoka ukauacha mwili kitini. Wahenga walisema macho hayana pazia, wakikusudia kuwa macho hayazuiliki kutazama. Jukwaani maneno hayo yanageuka upande wa pili, kwa kuwa macho ya mtazamaji nayo hayana cha kuyaficha.

Basi nikakosa mchezo wa saa tisa na dakika kumi, tiketi ikiwa mfukoni. Nilikaa mpaka koti la mwisho likakunjwa. Najua nauli yangu ilikuwa ghali kuliko ya bwana yule, na kwa hesabu ya njaa niliyoitetea hapo juu, mimi ndiye niliyekuwa na udhuru mkubwa zaidi wa kuondoka. Udhuru ule unanipa haki ya kutazama michezo mingi, na ninaudai mpaka leo. Haunipi haki ya kumtazama yeyote nusu nusu. Mambo haya mawili hayapingani, ijapokuwa yanasukumana sana mtu akiwa na ratiba mkononi.

Wapo watakaosema kuwa heshima ya kweli ilikuwa kutokwenda kwenye ule wa tatu na wa nne, nikiwa nimechoka. Hoja hii naikataa. Vikundi vingi vinavyokwenda Edinburgh hurudi makwao na hasara, na viti vitupu ni jambo la kila siku. Mwenye kiasi, anayetazama mmoja kisha akaenda zake kunywa chai, amejihifadhi yeye. Mchezaji wa saa mbili za usiku hakumpatia kitu. Baina ya mtazamaji mchovu aliyekaza macho na kiti kitupu, sijapata kusikia mchezaji aliyechagua kiti.

Kinachoharibu, kwa maoni yangu, ni kitu kingine kinachokuja na wingi: kupima. Katika njia kuu ya mji wa kale wachezaji husimama mvuani wakigawa vikaratasi, na juu ya vikaratasi wamebandika nyota walizopewa na wahakiki, tatu, nne, tano. Ukishatazama michezo sita unaanza nawe kugawa nyota kabla taa hazijazimwa. Huyu analia vizuri kuliko yule wa asubuhi. Kifo hiki ni cha nyota tatu. Huko Athens pia walihukumu, lakini mahakimu walipatikana kwa kura, walikuwa kumi, na watu wengine wote waliachiwa kazi ya kutazama. Mimi siku ya tatu nililitia kabrasha langu katika mkoba, sikuandika tena chochote ila jina la mchezo na mahali.

Majina hayo ndiyo niliyorudi nayo kisiwani. Na hapa ipo sehemu ya jambo hili ambayo wenyeji wangu wa Uskoti, kwa ukarimu wao wote, hawakuweza kuijua. Anayetoka mahali ambapo wengi hawasafiri hatazami kwa ajili ya nafsi yake tu. Barazani kwetu, baada ya Isha, niliombwa nisimulie. Nikasimulia mmoja, usiku ukaisha. Wakauliza huyo mfalme kwa nini hakumwamini nduguye, wakagombana wao kwa wao, na mmoja akaapa kuwa kisa hicho ni cha mtaa wa pili. Usiku mwengine ukaja mwengine. Michezo niliyoitazama kwa siku nne imechukua sasa zaidi ya miezi mitatu, kwa kuwa kuna mvua, kuna misiba, kuna mpira. Utulivu niliousiwa nilipokuwa huko nimeupata huku, na nimeupata pamoja na watu.

Mpaka sasa nimesimulia tisa. Miwili imeingiliana kichwani mwangu, na wasikilizaji walinikamata hapo hapo: yule mzee, walisema, si ulituambia juzi kuwa amekufa? Ule wa sanduku la nguo wameuomba mara tatu, na kila mara hubishana koti lile angestahiki kupewa nani. Iliyosalia ni minne, na mmoja kati ya hiyo haukuwa na maneno hata moja, watu wawili tu na kamba. Huo bado sijajua nitauanzia wapi.