Mwindaji Aliyeliwa na Mbwa Wake

Katika hekaya ya kale ya Wagiriki, kijana Actaeon alikuwa mwituni na mbwa wake wa kuwindia alipomkuta mungu wa kike wa uwindaji, ambaye Warumi walimwita Diana, akioga. Diana akamgeuza ayala. Mbwa hawakumtambua bwana wao, wakamrarua. Ovid, mshairi wa Roma, aliisimulia kama msiba wa mtu asiyekusudia ubaya.

Mwaka 1585, jijini London, Mwitaliano Giordano Bruno alichapisha kitabu cha mashairi na mazungumzo, akamtunukia mshairi Philip Sidney. Humo hekaya ileile inachukua maana mpya kabisa. Mwindaji ni akili ya binadamu. Mbwa ni fikra zake. Diana ni nuru ya Mungu inayoonekana katika maumbile. Anayeiona, hata kwa kitambo kidogo, habaki alivyokuwa: fikra zake mwenyewe zinamgeukia na kuyamaliza maisha yake ya awali. Kwa Bruno hiyo si adhabu hata kidogo, ni ushindi, maana mwindaji anatambua kuwa alichokisaka kwa jasho porini kilikuwa ndani yake.

Nauheshimu sana usomaji huu. Wengi wa zama zile walizipamba hekaya za kale. Bruno aliifanya hii moja ibebe falsafa nzima ya kutafuta elimu, na gharama yake.

Tarehe 17 Februari 1600 Bruno alichomwa moto hadharani mjini Roma, baada ya kukataa kuyakana mawazo yake.