Ukigusa Kabureta, Shuka Nayo Ziwani

Mwanangu, keti. Nimesikia wenye mashua wa Kendu Bay na Homa Bay wameanza kukuletea injini zao hapa Kisii, nawe unazitoa kabureta na kuzifunga za pikipiki. Sikuja kukugombeza. Magoti yangu hayana tena nguvu za ugomvi, na mkono wako ni mwepesi kuliko wangu ulivyokuwa katika umri wako. Naomba tu unisikilize.

Najua kinachowaleta. Kabureta halisi ya injini ya mashua ni ghali na kuipata ni kazi. Ya pikipiki iko katika kila duka la vipuri, kuanzia Daraja Mbili hadi Keroka. Mvuvi wa omena huhesabu usiku mmoja mmoja. Ukimwambia asubiri, umemwambia watoto wake wasubiri chakula.

Lakini tazama mahali tulipo. Mji wa Kisii uko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Nyamira unazidi kupanda. Ziwa Victoria liko meta 1,134. Siku ya anga safi, ukisimama kwenye ukingo wa Manga, unaliona liking'aa huko chini kama bati jipya. Huko hewa ni nzito. Kwetu ni nyepesi: injini inavuta pumzi ileile, lakini hewa yenyewe ni pungufu, na petroli ya jeti ileile inakuwa nyingi mno. Ndiyo maana injini ya ziwani ukiiwasha hapa inatoa moshi mzito na plagi inatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Fundi wa mlimani akiona hivyo anadhani ni ugonjwa, anatafuta jeti ndogo.

Nilifanya hivyo mimi. Ilikuwa injini ya nguvu za farasi 25, hii ya kuchanganyiwa petroli na oili. Nilipunguza jeti, moshi ukapungua, nikapunguza tena. Nikaiwasha ndani ya pipa la maji nyuma ya karakana, ikalia kwa utulivu kama cherehani. Mwenyewe akalipa, akaifunga kwenye pikapu, akateremka kupitia Oyugis. Usiku wa pili pistoni ikatoboka katikati ya ziwa. Watu wanne walipiga kasia dhidi ya upepo hadi jua likachomoza, omena wakiharibika miguuni pao. Aliniletea pistoni hiyo ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Tundu lake lilipitisha kidole changu gumba, na kingo zake zilikuwa zimeyeyuka kama nta. Hakunitukana. Aliiweka mezani, akaondoka. Ninayo hadi leo, ndani ya mkebe, na nitakuonyesha.

Kilichotokea ni hiki. Katika injini za aina ile, oili haina njia yake. Inasafiri ndani ya petroli. Nyingi huchanganywa lita 50 kwa lita 1, yaani mililita 400 katika jerikeni la lita 20. Kwa hiyo ukiibana jeti umepunguza vyote viwili, kinachowaka na kinacholainisha, na joto linapanda huku pistoni ikikauka. Pipa halitakuonyesha hayo, maana ndani ya pipa injini haibebi mzigo. Hata pikipiki haitakufundisha. Pikipiki ikiteremka kuelekea Suneka inapumzika, gesi imefungwa. Mashua haina mteremko. Kutoka ufuoni hadi kwenye nyavu inasukuma maji, na ikirudi imejaa.

Jambo la pili linaninyima usingizi zaidi. Floti ya pikipiki ikikwama, petroli hufurika, ikatoka kwa kijibomba na kudondoka barabarani, upepo ukaichukua. Katika mashua itadondokea wapi? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unalala chini, kati ya mbao na nyavu, usiuone. Na wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza. Wengi siku hizi wana taa za jua, lakini bado wako wanaowasha karabai. Moto wa nyumbani unaukimbia kwa mlango. Huko utakimbilia wapi, na wengine hata jaketi okozi hawana?

Nasikia pia umemwinulia mtu tangi juu ya kibao ili petroli iteremke yenyewe, kwa kuwa pampu imechoka. Tafadhali lishushe. Pampu ile ndogo ina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na pumzi ya injini yenyewe. Injini ikizima, nayo inaacha kuvuta. Tangi lililo juu halijui kama injini imezima. Mpira wa kupitisha petroli ukipasuka, litamwaga hadi tone la mwisho. Badilisha kiwambo, badilisha na chujio, uache tangi sakafuni.

Uliniuliza kuhusu injini mpya zinazopuliza mafuta kwa kompyuta. Ni kweli, hizo hupima hewa zenyewe na kujirekebisha mlimani na ziwani. Lakini zimezaliwa hivyo. Zina pampu ya shinikizo kubwa na mipira yake maalumu. Huwezi kuukata mfumo huo ukaushonea injini ya zamani.

Sikukatazi kazi. Kabureta ya mashua ioshe, ibadilishie sindano na gasketi, irudishe na jeti zile zile ilizokuja nazo, hata ikitoa moshi hapa mezani. Mweleze mwenyewe sababu ya moshi huo. Kisha panda naye pikapu. Ingia mashuani, tia mzigo, endesheni gesi yote, halafu zima ghafla uitoe plagi uitazame rangi pale pale, juu ya maji.

Alhamisi nitapita karakana kwako. Ile injini ya Kendu Bay iliyo mezani usimpe mtu kabla sijafika. Tutaifunga kabureta yake ya kwanza pamoja, kisha uende nayo wewe mwenyewe. Nauli nitakupa mimi.