Je, Aliyepona Anadaiwa?

Liko swali ambalo huingia nyumbani mgonjwa anapoanza kupata nafuu. Wakati wa hatari halionekani, maana kila mtu anahangaika na kuomba. Kijana akianza kula na kucheka tena, ndipo linapobisha hodi: gharama hii yote, nani atailipa?

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 15 aliyeugua kifua kikuu. Hapa Tanzania dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kwa kawaida hunywa kila siku kwa miezi 6: dawa za aina 4 katika miezi 2 ya kwanza, na za aina 2 katika miezi 4 inayofuata. Lakini nauli si bure. Maziwa, mayai na maharage si bure. Siku ambazo mama hakwenda shambani hazirudi. Mbuzi huuzwa. Dada yake hukosa masomo, kwa kuwa ndiye anayebaki na mgonjwa. Katika nyumba kama hiyo kila mtu ameugua kwa namna yake.

Kisha masimango huanza. Kijana akichelewa kisimani huambiwa, "Tuliuza mbuzi wawili kwa ajili yako, na hata ndoo moja ya maji inakushinda?" Pengine asemaye hana nia mbaya; amechoka tu. Lakini kijana husikia neno jingine: kwamba uhai wake una bei, na bei hiyo haijalipwa. Basi huweza kuficha kwamba dawa zinamsumbua tumbo, asije akaongeza hesabu. Au mwezi wa tatu, akijiona mzima, huona haya kuomba nauli tena, akaziacha. Nazo dawa zikiachwa njiani, ugonjwa huweza kurudi, tena ukiwa sugu. Kumbe masimango si ukali wa maneno tu, yaweza kuua.

Je, kijana huyu hapaswi cho chote? Tukumbuke habari ya wale wakoma 10 katika Injili ya Luka, mlango wa 17. Bwana wetu aliwaponya wote, na mmoja tu akarudi kushukuru. Bwana aliuliza habari za wale 9. Kwa hiyo shukrani ni jambo lipasalo, na asiyeshukuru amepungukiwa. Hata hivyo hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma wao. Uponyaji haukuwa mkopo.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Deni lina kiasi. Hulipwa likaisha, na mwenye kudai aweza kukushtaki. Shukrani haina kiasi, na ukiidai kwa nguvu hugeuka kuwa woga. Kijana hadaiwi mbuzi. Lakini yampasa kushukuru, na shukrani yake ya kwanza ni kumaliza dawa hadi kidonge cha mwisho. Ya pili ni kurudia sehemu yake ya kazi za nyumbani, kadiri ya nguvu zake.

Nasi wazazi tumpe nafasi hiyo. Wako wanaomtunza kijana kama yai hata baada ya kupata nguvu: jembe asiguse, na kikombe chake kiwekwe mbali. Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa kikombe wala sahani. Na mgonjwa anayetumia dawa zinazofaa, kwa kawaida baada ya majuma machache haambukizi tena. Kumzuia kazi anayoiweza ni kumwambia kwamba bado si mmoja wetu.

Mtu atauliza, "Na dada yake je? Masomo aliyoyakosa ni hasara ya kweli." Naam, ni ya kweli, na hiyo ndiyo inayostahili kuitwa deni. Ila si deni la ndugu yake, ambaye hakuchagua kuugua. Ni la wazazi waliompa binti kazi ile. Na waende kuzungumza na mwalimu, wampunguzie kazi za jioni apate saa ya kusoma, na wamwambie wazi, "Mwanangu, tuliona ulichokifanya." Binti aliyeshukuriwa hana haja ya kumsimanga ndugu yake.

Sehemu iliyobaki ni yetu sisi majirani na Wakristo wenzao. Juma la kwanza nyumba ile ilijaa wageni, sukari na sala. Mwezi wa tano ni nani anayebisha hodi? Wahenga walisema, tenda wema uende zako. Mbuzi wakiisha kuuzwa, hesabu yao na ifungwe. Bali njia ya kwenda kwenye nyumba ile isiote majani kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa.